Shingo ya Daniella

Likasi, tarehe 14 Julai 2025

Mpendwa yaya Rémy, kaka yangu,

Nyumba nzima inakusalimu. Habari za Kananga? Na goti lako, limepona? Sisi tu wazima, ila baridi ya kiangazi inatutesa na vumbi linaingia mpaka kwenye sahani ya bukari. Lakini leo sikuandikii kulalamika. Leo nina furaha hata kiti hakikaliki!

Barua yako ya mwisho ilisema binti yako Daniella, ninayekaa naye hapa, aache judo, kwani shingo haiuzwi sokoni. Sikukubishia, kwa kuwa kosa lilikuwa langu.

Unatujua wanawake wa Kasai: mzigo kichwani, mikono haigusi. Bomba lilipokauka, nilimbebesha Daniella bidoni la lita ishirini kila asubuhi, nikijisifu kwamba hayo ndiyo mazoezi yenyewe. Siku ile ya Machi alipanda mkekani shingo imekaza, akaangushwa vibaya. Nami, kwa ujinga wangu, nikampeleka kwa mama jirani anayenyoosha shingo kwa kuzivuta. Alitoka pale hawezi hata kugeukia anayemwita.

“Tantine, ilikuwa inaniuma tangu asubui,” aliniambia baadaye. “Miye niliogopa kusema.”

Cyrille wa kituo cha afya, anayetibu viungo, alinigombeza kama mtoto. “Shingo haiko kamba, mama. Bantu basiivute!” Alimzuia kucheza mpaka maumivu yalipokwisha kabisa. Kisha akamfundisha kuweka kiganja kwenye paji la uso, kichwa kisukume, mkono ukatae, polepole, halafu nyuma na pembeni. Apashe mwili moto kabla ya kucheza. Akianguka, kidevu kifuani, kisogo kisiguse mkeka. Na ikiuma, aseme siku hiyo hiyo.

Maji sasa nayasukuma mwenyewe kwa toroli. Majirani walinicheka mpaka wakachoka. Wawili wameshakuja kuliazima.

Basi juzi Jumamosi ilikuwa fainali Lubumbashi. Msichana wa Kambove, mpana kama mlango, alimnyanyua binti yako juu. Nilifumba jicho moja tu, yaya! Kwa lile lingine nilikiona kidevu kimetulia kifuani. Akaangukia ubavu, akapoteza alama, akainuka anageuza shingo kulia na kushoto bila shida. Dakika haikupita, mpana yule alikuwa chali. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Binti wa Rémy, bingwa wa mkoa!

Nisalimie shemeji Élisabeth, na umwambie kijana wenu Michée aache kulala na mito mitatu. Mungu awalinde nyote, awape usingizi mwema.

Neno moja tu limebaki, nalo ni lako. Daniella amekataa kuvaa medali. Ameitundika ukutani chini ya picha yako. Anasema hataivaa wala kurudi mkekani mpaka uje umvike mwenyewe, kwenye shingo hiyo hiyo.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,

Josée