Njia Uliyoipindapinda Misfa

Baba Hamed,

Mungu akurehemu, lakini leo nina hasira na wewe, na sina pa kuzipeleka ila kwenye barua hii.

Paa lako limepasuka. Ulirudi safari ya Sri Lanka huna hadithi ila mahekalu ya Wabudha, ukaijengea nyumba yetu ya wageni hapa kijijini Misfa paa la mbao lenye upenu mpana, kama uliyoyaona kule milimani. Nikakwambia kule mvua hainyamazi, ndiyo maana wanatandaza paa vile. Huku ni jua tupu, mbao zitakauka zipasuke. Ukanijibu, "Subiri uone, Mama Hamed." Haya, nimeona.

Na ile njia ya kupandia kwetu kutoka barabarani. Ulisema mahujaji wa kule hawaupandi mlima moja kwa moja; njia inafuata kivuli na maji, mtu afike hekaluni ana pumzi ya kuomba. Basi na ya kwetu ukaipindapinda, mara chini ya mwamba, mara kando ya falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, wageni wanaburuta masanduku na kunung'unika. Hata jeneza lako waliliinamisha kila kona, nami dirishani nalia na huku nimekereka.

Nilipotoka eda nikamkuta Hamed keshamwaga saruji: ngazi zimenyooka kutoka barabarani mpaka mlangoni, juani. Nikamsifu mwanangu. Joto lilipoingia, mgeni mmoja, bibi wa makamo, akazirai katikati ya ngazi. Hapakuwa na kivuli cha kumlaza. Tukambeba mpaka kwenye kona yako ya mwambani, tukamnyunyizia maji ya falaji, akafumbua macho. Hamed akakaa chini, akasema, "Baba alijua." Nikamwambia anyamaze. Nilikuwa kama nakuona unavyotabasamu.

Siku hizi goti linanisumbua. Napumzika kila kona, na kila nikikaa najikuta nakugombeza, watu wananipita wananitazama.

Sasa sikiliza. Ngazi tumezifunga, na njia yako haitaguswa maadamu mimi ni hai. Hiyo ni ahadi. Lakini paa nalishusha. Nitaezeka kwa magogo ya mtende, makuti na udongo, kama nyumba za majirani, ambazo hazijapasuka.

Lala kwa amani, mume wangu. Ukitaka kununa, nuna. Nimechoka kugombana na mtu asiyejibu.

Mkeo,
Mama Hamed