Mwenye Nyumba Hajajibu

Kaka Masudi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mwaka na miezi minne ni mingi kwa dada kukaa bila kukuandikia, na wewe ulikuwa ukinuna nikipitisha wiki mbili tu. Mwanzo nilikuwa mzito, siku zangu zimekaribia, na habari ya kifo chako ilifika huku Moroni wakati Mutsamudu wameshakuzika. Halafu mtoto akaja. Arubaini yako na arubaini yangu zikaangukiana, watu wakawa wanaingia na kutoka, hawa wanalia, hawa wananipongeza, na mimi nimekaa kitandani sijui nimpe nani uso gani. Baada ya hapo, nikwambie kweli, niliogopa. Niliona nikikuandikia barua ya namna hii ndiyo nimekubali.

Najua barua haifiki. Dua ndiyo inayofika, na dua nakuombea kila swala. Hii ni ya mambo ambayo sijui kuyaweka ndani ya dua.

Mama hajambo, isipokuwa magoti. Kiswahili cha nyumba hii kimebaki cha watu wawili, mimi na yeye. Wakija majirani tunageukia Kikomoro, wakiondoka tunarudi Unguja tulikotoka. Zaharia binti yangu sasa ni mtu mzima wa miaka mitatu, anajibu kila neno. Mdogo ni mvulana, tumempa jina lako. Nikimkemea, Mama huniambia, "Usimpigie kelele mwanangu," na huwa sijui anamsema yupi. Mume wangu anagawa siku zake kama zamani, tatu Ntsoudjini kwa mke mkubwa, tatu kwangu. Anakuja na begi lake, anaondoka na begi lake. Nimechoka, Kaka, lakini si uchovu wa kuombea msaada. Ni ule wa kawaida.

Kilichonishikisha kalamu ni ule mji wako wa mchezoni.

Mama bado haelewi. Juzi kaniuliza, "Mchezo gani huo, hauna ubao, hauna mshindi, na watu wazima mnakaa alasiri nzima mnaogopa?" Nikamweleza ulivyotueleza wewe: mmoja anasimulia, wengine kila mmoja anakuwa mtu fulani ndani ya hadithi, anasema atafanya nini, na akifika penye hatari anatupa dadu, kitabu cha kanuni kinasema kama kapona. Mama akanisikiliza mpaka mwisho. "Na wewe una watoto wawili," akasema.

Nakumbuka ulivyokuja na lile boksi kutoka Marseille. Ndani mlikuwa na makasri, theluji, na mabwana wenye meno wanaolala mchana. Ukatucheka tulivyokuwa tunauliza theluji inaumaje. Wiki ya pili makasri ukayaweka kando, ukabaki na kanuni tu, na daftari lako ukalijaza mji wa kwako: vichochoro kama vya Mutsamudu, nyumba zilizoshikana juu kwa madaraja ili wanawake wapite wasionekane, maiti wasiotulia, na juu ya ngazi ndefu ile nyumba yenye chumba kilichofungwa. Kila likizo ulipotoka kwenye ghala lako la maua ya langilangi ukaja Moroni, tulikuwa tunapanda ngazi chache zaidi. Mimi, binamu yetu Sitti wa simu, na Hamadi wa posta. Likizo ya mwisho tukafika mlangoni pa chumba hicho, tukakuuliza ndani mna nini, na wewe ukafunga daftari. "Nitawaambia mkifika." Hamadi akasema, "Si tumefika?" Ukacheka kicheko chako kile, bila sauti. "Mmefika nje."

Ulipofariki tulikaa miezi bila kuligusa. Halafu Hamadi akataka ramani yako ya mji ule ainakili, yake imechakaa. Nikampa. Wakamsimamisha kwenye kizuizi cha njia ya Vouvouni, wale askari wa kizungu na wenzao wa hapa kwetu, wakamkuta nayo kifuani. Ngome, ngazi, mlango wa nyuma, na vidoa vyako vyekundu palipo na walinzi. Unajua siku hizi karatasi ya namna hiyo inasomwaje: mpango wa mapinduzi. Wakamuuliza, "Mlinzi huyu wa ngazini ni nani?" Na Hamadi, maskini ya Mungu, akawajibu ukweli: "Huyo ameshakufa." Walikaa naye mpaka magharibi. Aliyemtoa ni askari mmoja wa ukoo wa mama yake, aliyewaeleza kuwa huyu ni mjinga, ana hadithi zake za watoto. Hamadi mpaka leo anaudhika na sehemu hiyo tu.

Asubuhi yake Mjomba akaja. Hakugombana. Akachukua kitabu cha kanuni, karatasi zetu zote, boksi na makasri yake, akavichoma uani kwa makumbi ya nazi. "Sitaki kuzika wawili," akasema, akanawa mikono, akaomba chai. Siwezi kumlaumu. Daftari lako lilipona kwa sababu lilikuwa chini ya nepi za mtoto, na Mjomba hawezi kupekua nepi.

Kwa hiyo tukabaki na mji usio na sheria. Ilikuwa hivyo mpaka Jamali, mwalimu wa hesabu, yule rafiki yako wa Mutsamudu, aliporudi kutoka Reunion kuja hapa Moroni na kitabu kipya. Watunzi ni walewale, ila kanuni wamezibadilisha zote, na kuna dadu ya nyuso ishirini ambayo Zaharia anaidhani jiwe la pete. Jamali akaniambia, "Hata huko kwao, zile za zamani hazichezwi tena. Mji wa Masudi ama uvae hizi, ama ukae sandukuni." Nikamuuliza kwa nini mimi. Akasema mimi ndiye niliye na daftari.

Kaka, Kifaransa changu ni cha miaka sita ya shule. Nimekisoma kitabu kile kwa kamusi ya Jamali, ukurasa kwa ukurasa, mtoto kwenye ziwa, kidole kwenye mstari. Kanuni zako ziliniingia zamani kwa kusikia. Hizi nimezila kama dawa. Kwako wewe maiti hawakuwa na namba. Aliyekuwa akitupa dadu ni aliye hai, kuona kama atasimama au atakimbia, na maiti aliondoka akishapewa alichokufa bila kukipata. Kwenye hizi mpya kila maiti ana namba ya uhai. Ndiyo, uhai. Unampiga, namba inapungua, ikifika sifuri kaisha. Na kila nyumba yenye vitisho lazima iwe na bwana wake, mwanamume wa ukoo, aliyerithi ardhi kwa baba, na nguvu zake zote zatoka kwenye ardhi hiyo. Kuna jedwali zima la kumpangia.

Nikafuata kama mwanafunzi. Daftari lako halisemi ndani ya chumba yuko nani, linasema tu mume na mke walikufa humo. Nikampa mume jedwali.

Jumapili tukakaa, Jamali akiwa mgeni wetu wa kwanza. Nikawasomea: bwana wa nyumba anatokea juu ya ngazi, nyumba ni yake na ya baba yake na ya babu yake. Sitti akaanza kucheka. Nikamuuliza nini. "Mwanamume ana nyumba? Mama yake kalala wapi, barazani?" Hamadi akadakia, "Labda dada zake wamemwonea huruma." Wakacheka mpaka Jamali akafuta miwani. Na wana haki. Nani hapa aliwahi kuona mume akarithisha nyumba? Nyumba ni ya binti, mume huja na begi lake. Wewe mwenyewe ulilala chumba cha wageni kwangu, ukikohoa kabla ya kuingia. Hofu yote ikamwagika kwa kosa langu moja, kosa ambalo yule mtunzi wa Ufaransa hawezi hata kuliona.

Nikarekebisha. Jumapili iliyofuata jedwali nikampa mke. Namba ya uhai, arubaini. Wakavunja mlango, mwanamke akainuka kajitanda shiromani yake mpaka usoni, Hamadi akapiga bunduki mara tatu, dadu zikamkubali, akaanguka.

"Amekufa?" Hamadi akauliza.

"Alikuwa ameshakufa," Sitti akasema.

"Basi sasa kafa tena."

Miaka minne tulipanda ngazi zile, Kaka, ikaisha hivyo, kama kuua kuku. Sitti akazitia dadu zake mkobani. Jamali akasema kwa upole kwamba kanuni zimefuatwa sawasawa. Nikachana ukurasa. Nikawaambia hiyo haikutokea, wako bado nje ya mlango, na mimi naenda Mutsamudu kutafuta alichokusudia ndugu yangu.

Nikaenda na mdogo mgongoni. Kaburi lako ni safi, mtu wa Mirontsy analifagia, sikumjua jina. Nilikaa kidogo. Mtoto alilala pale pale, na mimi sikulia kama nilivyodhani. Mwenye nyumba wako, Bi Hadija, alinipa chai na sanduku lako, akanisikiliza ninavyosema, akacheka: "Nyinyi wa Unguja mnaongea kama redio. Na yeye alikuwa hivyo, hata akiomba chumvi." Akaniambia ulikuwa ukikaa barazani kwake na daftari, ukiandika na kukata, kuandika na kukata, mpaka anakwambia uache karatasi ipumue.

Daftari hilo nimelipata. La pili. Linanuka langilangi mpaka nguo zangu zimenuka. Kurasa saba, na juu ya kila ukurasa umeandika: Ndani ya chumba. Mstari mmoja, miwili, halafu umeukata. Anataka mtoto wake, umekata. Anataka kusamehewa, umekata kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka. Ukurasa wa saba hauna kitu, kichwa tu.

Hukuwa unajua.

Ile "nitawaambia mkifika" yako yote, na kicheko kile, na sisi tunakodoa macho. Hukuwa unajua. Nilikasirika pale barazani kwa watu, wallahi, nilikasirika kuliko siku uliyokufa. Bi Hadija akaniuliza kama kuna habari mbaya. Nikamwambia hapana, ndugu yangu alikuwa muongo kidogo. Akasema, "Wote." Tukanywa chai.

Nimerudi Moroni nikayapanga upya yote, na hii ndiyo hali ya mji wako sasa. Dadu mpya nimezipokea, ni nzuri, zinatisha kwa namna yake. Majeraha, njaa, uchovu, kuanguka ngazini, vyote vimekwenda kwenye kanuni mpya, na nakiri, ziko wazi kuliko zako. Wewe ulikuwa unabuni palepale ukituzuga. Namba ya uhai nimewapa walio hai tu. Maiti wako nimewaondolea. Kwenye jedwali la bwana wa nyumba nimemwandika yule mke, jina lake bado, nyumba ni yake kwa mama yake, na penye mstari wa silaha zinazomdhuru nimepiga alama moja ndefu, kwamba hakuna. Jamali alitaka kubisha. Nikamwambia, "Mwalimu, kwenye mji huu mimi ndiye ninayesema." Akaandika.

Jumapili iliyopita tukarudi mlangoni. Nikawasomea hilo tu, nyumba ni ya huyu mwanamke. Hamadi akasema anavunja. Sitti akamshika mkono, mkono wake wa kweli, juu ya mkeka. "Nyumba ya watu hii," akasema. "Miaka minne tunapanda ngazi za watu na bunduki, tumemwambia nani kuwa tunakuja?" Akaweka dadu chini. Akaukabili ukuta wangu, ule wenye picha ya Makka, kama ndio mlango wenyewe, akaita hodi. Taratibu, kama unavyoita nyumba yenye mgonjwa.

Sikuwa nimepanga hilo. Halimo kwenye kitabu cha zamani wala kipya, wala kwenye kurasa zako saba. Akaita ya pili. Hamadi alikuwa kashika kofia mkononi. Na wote wakanitazama mimi, maana msimulizi ndiye sauti ya maiti, na ilikuwa zamu yangu.

Nikafunga daftari, nikawaambia mtoto ana njaa. Hakuwa na njaa.

Wako pale mpaka sasa, wameita mara mbili. Ya tatu wataita Jumapili baada ya alasiri, na kwa adabu yetu, ya tatu isipojibiwa mtu hugeuka akaenda zake. Sitti ataondoka, namjua. Na mji wako utakuwa umekwisha.

Kwa hiyo nakuahidi, na ahadi yangu unaijua. Wakiita ya tatu nitajibu. Siwezi kumwacha mtu mlangoni kwa sababu ndugu yangu alikata mistari. Ila sitawaambia kuwa ni maneno yako, uongo wako hautakuwa na mwenzake. Daftari la pili nimelifunga kwenye shiromani ya Mama, watoto wakikua nitawasomea hata yale uliyoyakata. Nakuaga hapa, Kaka yangu, lala palipo pema, Mungu akupanulie. Chini ya hapa naandika ninavyovihitaji tu, na nikifika mwisho naweka kalamu, mtoto ameamka.

Nitumie sauti yake yule mwanamke wa chumbani, kama ni ya juu kama ya Mama au ya kifuani.

Nitumie jina alilopewa na mama yake.

Nitumie kilichomfanya akatae kusema mpaka leo, kama unakijua huko uliko. Kama hukijui, usinizuge.

Nitumie neno moja la kwanza la kuwaambia walio nje. Moja linatosha, mengine yatakuja.

Namba usinitumie.

Na ikiwa huna hata kimoja katika hivi, basi nitumie ruhusa.

Dada yako,
Moinaesha