Chembe zangu hazimjui mdogo wangu

Shoga, usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Si unakumbuka nilivyomtolea mdogo wangu uboho wa mifupa yangu, mama akawa anamwambia kila mgeni kwamba damu ya ndugu haimkatai ndugu? Sasa viganja vyake vyote vinababuka. Mimi nikadhani ni dawa.

Daktari kaniita pembeni. Anasema chembe changa za uboho huenda kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, humo zinafundishwa uaskari: huyu wetu, huyu mgeni. Ila katika nilizotoa, nyingine zilikuwa zimeshahitimu.

"Zilifundishwa kifuani kwako," akasema. "Yeye hazimjui."

Hazimjui! Mtu niliyemwachia ziwa! Askari wangu ndio wanaomla, shoga. Wangu!

Nikarudi wodini nimwombe radhi. Kumbe kashaambiwa. Akacheka kwa shida: "Dada, wewe si tangu utotoni unanipiga? Mama ndiye alikuwa anatuamua."

Mara mama huyo, kaingia na chupa ya uji. Akamgusa shavu, akauliza, "Damu ya dada yako imekubali?"

Tukajibu wote wawili kwa pamoja: "Imekubali, mama."