Masanja Amebaki Kisumu

Shinyanga, Jumapili, Februari 1977

Kumbe redio haikukosea. Mpaka wa Kenya umefungwa kweli, na Masanja yuko huko.

Wiki iliyopita tulikwenda watatu, mimi, Masanja na rafiki yetu Rashidi, kwa gari lake la Pijo, kusikiliza tamasha la muziki Kisumu. Masanja aliazima gitaa, akapanda jukwaani, watu wakakataa ashuke. Kiongozi wa bendi moja akamwomba abaki wiki moja apige nao. Nilikasirika.

"Mkeo yu karibu kujifungua," nilimwambia.

Akacheka. "Jumamosi napanda basi. Msalimie Mama Kulwa."

Jumamosi imepita.

Leo alasiri Mama Kulwa amekuja mwenyewe, anatembea kwa shida. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Shemeji, mlikwenda watatu."

"Mpaka utafunguliwa tu. Wakubwa watazungumza."

"Nani kakuambia?"

Naogopa, hata mwenyewe siamini niliyoyasema.

Alisimama mlangoni, akauliza kama mumewe alipiga vizuri. Nikamwambia ukweli, kwamba sijawahi kumsikia akipiga vile. Hapo ndipo alipoanza kulia.