Ng'ombe Wangu na Likizo ya Askari

Mjukuu wangu Chebet,

Joto la Lodwar halijakumaliza? Sisi hapa Boito tuko salama, chai inachumwa, na magoti yangu yanalalamika kuliko mimi.

Wewe uliyeogopa kuku sasa ni mkubwa wa kituo cha polisi, na unaniuliza utafanyaje askari wako waheshimu wananchi. Mimi najua ng'ombe tu, lakini sikia.

Miaka ya tisini tuliibiwa ng'ombe wetu wa pekee, aliyempa mama yako maziwa. Nikaenda kituoni kupiga ripoti. Askari kijana akanifokea, "Mama, simama huko nje!" Kabla sijamjibu, mkubwa wake akamfokea yeye: likizo aliyoingoja tangu mkewe ajifungue amepewa tena mtu anayetoka kijiji kimoja na mkubwa huyo.

Mdomo wangu unaujua. Nikasema, "Afande, huyu hajamwona hata mtoto wake. Atamwonaje ng'ombe wangu?"

Kituo kizima kilicheka, mkubwa naye akacheka, na kijana akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Ng'ombe hakupatikana. Lakini askari yule aliporudi, alipanda mlima mpaka kwetu kuniuliza habari za ng'ombe wangu. Akamaliza kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, akinisimulia vile mtoto anavyopiga chafya.

Anza na likizo zao, afande wangu.

Nyanya yako