Sikukuu Tarehe Saba, Upatu Tarehe Kumi

Shubra, 14 Julai 1996

Mama mpenzi,

Hujambo mama? Mgongo vipi? Wadogo zangu, Wisa na Malaka, hawajambo? Mimi mzima, ila joto la Kairo linatupika, vidole vinateleza hadi sindano inanikimbia.

Mama, kaa chini. Umekaa? Krismasi nimeshaimaliza! Najua utasema mtoto kapigwa jua, wenzake wanatafuta maji ya barafu yeye anawaza Krismasi. Subiri nikwambie. Sisi wasichana kumi wa karakana ya ushonaji tumeanzisha upatu. Kila mwezi kila mtu paundi ishirini, mia mbili zinakwenda kwa mmoja. Tumevuta namba kwenye bakuli la Dada Nagwa, yeye ndiye anayekusanya. Kuvuta mimi: SABA! Wa kwanza Julai, wa saba Januari. Na Krismasi yetu tarehe saba Januari! Saba na saba, mama! Nilipiga ukelele hadi Bwana Fauzi akatoka ofisini akidhani kuna moto.

Kwa hiyo mwaka huu Labib muuza nguo atuone kanisani tu, tumpe mkono, basi. Sijasahau ya mwaka jana. Nguo za mia na ishirini, tukalipa mpaka mia mbili na kumi, hereni zako zikaenda, na muda wote karatasi tupu yenye alama ya kidole chako iko kwenye droo yake, aandike kiasi anachotaka. Namshukuru Mungu alisema ameichana. Jirani yetu Um Sidhom alikaa jela miezi minane kwa karatasi kama ile, kwa sababu ya blanketi!

Niahidi mama. Hakuna karatasi.

Mwanao,
Dimiana

—

Mallawi, 9 Agosti 1996

Binti yangu Dimiana,

Salamu. Sisi wazima. Mgongo upo, tumezoeana. Unakula? Nijibu kweli.

Barua hii naandika mwenyewe. Darasa la kanisani limenifikisha herufi zote. Malaka amekaa pembeni ananicheka, anasema mwandiko wangu kama kuku aliyekanyaga wino. Nimemwambia wewe kuku wako hata wino hana.

Nakuahidi. Karatasi hakuna. Wakati wa mfungo nitaweka pesa ya nyama ambayo hatutakula, nitaitia kwenye kopo la samli. Siku arobaini na tatu za dengu na maharage, kopo litapata chochote.

Mama yako

—

Shubra, 27 Novemba 1996

Mama mwandishi!

Hujambo? Watoto? Mimi mzima, nakula, usinihoji.

Barua yako imezunguka karakana nzima. Nimewaambia: oneni, mama yangu, miaka arobaini na minne, amejifunza mwaka huu huu! Hind akasema, "Basi mwambie aniandikie na mimi, wangu hata simu anashika kichwa chini." Nimeringa siku tatu.

Mfungo umeanza. Mmeweka ngapi kwenye kopo? Nipe vipimo vya viatu, uzi mmoja, fundo moja la Wisa, fundo moja la Malaka. Bei naziuliza huku nijue tusidanganywe huko. Nguo na viatu mia na thelathini, zinazobaki ni akiba. Nyama itoke kwenye kopo. Kuja siwezi, Bwana Fauzi ananipa siku moja, na nauli ya kwenda na kurudi ni kiatu kizima cha Malaka. Mtanilia fungu langu.

Mwanao,
Dimiana

—

Mallawi, 5 Desemba 1996

Binti yangu,

Salamu. Wazima. Uzi huu hapa. Fundo la mbali ni Wisa, mguu wake unakua kama deni. Kiatu chake kimefunguka mbele, kinaonyesha vidole vitatu. Amesema hivi hivi haendi kanisani usiku wa Sikukuu, na akisema huyo amesema.

Kopo lina paundi arobaini na moja. Nasubiri zako kabla ya tarehe saba.

Mama yako

—

Shubra, 11 Desemba 1996

Mama,

Naomba usisome kwa sauti, watoto wasisikie.

Jana tarehe kumi tulilipwa mshahara. Hind akapokea upatu wake wa Desemba. Nikacheka, nikamwambia, "Haya bibi harusi, anayefuata ni mimi, Krismasi!" Dada Nagwa akanitazama. "Krismasi yenu si tarehe saba?" Ndiyo. "Na sisi tunakusanya lini?"

Tarehe kumi, mama. Kila mwezi tarehe kumi, kwa sababu mshahara ni tarehe kumi. Miezi sita nimelipa tarehe kumi kwa mkono wangu mwenyewe! Na sikuona. Niliona saba tu.

Siku tatu, mama. Pesa zinakuja siku tatu baada ya Sikukuu.

Nimemkimbilia Hind tubadilishane. Akasema, "Dimiana, zimeshakuwa kabati tangu asubuhi. Nikupe misumari?" Nimekwenda kwa Bwana Fauzi nimwombe atulipe mapema mara hii tu. Akasema, "Mimi nimeajiri mafundi, sikuajiri kalenda." Wengine hawana kitu, wameshalipa kodi ya nyumba.

Kosa ni langu. Watoto wavae za zamani, tarehe kumi na mbili, pesa zikishafika, wavae mpya, hata kama ni kwenda kisimani. Hizo za zamani zishone, zipige pasi. Usiende kwa Labib. Umeniahidi.

Mwanao,
Dimiana

—

Shubra, 24 Desemba 1996

Mama,

Hamjambo? Sijapata jibu. Barua ya tarehe kumi na moja imefika?

Nimeshona suruali ya Wisa kwa vipande vya sakafuni, nitampa Bakhit wa garimoshi akuletee. Kiatu sijui kukishona. Nijibu neno moja tu: hukwenda.

Mwanao,
Dimiana

—

Shubra, 2 Januari 1997

Mama, Bakhit ameondoka bila mzigo wangu, hata sikujua. Suruali bado iko hapa. Andika, mama.

D.

—

Mallawi, 8 Januari 1997

Binti yangu mpenzi,

Kila mwaka uwe mzima. Sisi wazima. Ulikula nini jana? Tulikutengea fungu lako, mkate, wali na mchuzi na kipande chenye mfupa. Wisa amelinda mpaka asubuhi, halafu amelila mwenyewe.

Usinikasirikie. Barua yako nilipata. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na cha kukwambia utakachokipenda. Wisa alikaa siku nne hasemi na mtu. Nikajiambia, ni siku tatu tu. Siku tatu si deni, ni kusubiri. Nikaenda kwa Labib, mia na thelathini, nikamwambia tarehe kumi na mbili nakuletea. Akasogeza kile kidau cha wino cha kidole. Nikamwambia weka huko, nipe kalamu. Nikaandika jina langu, la baba yangu na la babu yangu, pale chini kwenye karatasi yake tupu, bila kuinua mkono. Labib akasema, "Lo! Um Dimiana umekuwa afisa!" Dukani wote wakageuka.

Ungewaona watoto kanisani. Malaka alikuwa anatembea anatazama miguu yake, kamgonga padri.

Mama yako

—

Shubra, 10 Januari 1997

Mama,

Sina hasira. Naandika nimesimama, Bakhit anasubiri, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Bakhit anakuletea mia mbili, zihesabu mbele yake. Nenda kwa Labib leo leo. Mkono huu pesa, mkono huu karatasi. Asikupe chai, asikupe hadithi. Asipokupa karatasi rudi na pesa. Ukishaipata ichome.

Halafu tutacheka, wallahi tutacheka.

Mwanao,
Dimiana

—

Mallawi, 13 Januari 1997

Binti yangu,

Salamu, na tulia. Yamekwisha.

Nilifanya ulivyosema. Pesa mkono huu, karatasi mkono huu. Labib alijifanya kununa, "Um Dimiana, kwani mimi mwizi?" Nikamwambia, wewe si mwizi, mimi ndiye mwoga. Dukani wakacheka. Akafungua droo, akanipa. Nilikuwa na haraka ya kutoka, sikusoma kitu, niliona tu alama ya kidole changu pale chini, nyeusi, nikaijua. Nimeitia kwenye tanuri la mkate, ikawaka mara moja. Malaka alipiga makofi.

Zimebaki sabini. Nimezitia kwenye kopo la mwakani. Umeona? Hatuna deni la mtu.

Mama yako

—

Shubra, 17 Januari 1997

Mama,

Nimemsomea Hind barua yako, nikamsomea na Dada Nagwa, wote wamesema labda nimekosea. Isome tena ile yako ya tarehe nane mwenyewe, polepole, uniambie nimekosea.

Mwaka huu hukuweka kidole. Uliandika jina.

Uliyochoma ni ya mwaka jana, ile aliyosema ameichana. Ya mwaka huu iko kwenye droo, mama, tupu juu, na chini yake jina lako, la baba yako na la babu yako.

Usiende peke yako. Nenda na padri. Au usiende kabisa, asijue kama tumejua. Sijui. Kila nikishika kalamu nakupa shauri jingine. Bwana Fauzi amekataa ruhusa, nimesema nitaacha kazi, halafu nikakumbuka upatu nadaiwa miezi mitatu, nimeshakula zangu.

Mwanao,
Dimiana

—

Shubra, 6 Februari 1997

Mama,

Hamjambo? Wisa hajambo? Malaka?

Posta nimekwenda mara nne. Bakhit anasema alipita kwetu, mlango ulikuwa umefungwa mchana, na majirani walimtazama tu. Namfikiria Um Sidhom na miezi yake minane.

Nijibu, mama. Hata kwa alama ya kidole.

Mwanao,
Dimiana