Fyuzi ya Amplifaya na Kaka Deusi

Mpanda, Jumamosi, 1974

Leo jioni fyuzi ya amplifaya iliungua tena, na watu walishajaa ukumbini. Nilimwambia kaka yangu Deusi, mpiga gitaa wa bendi yetu, kwamba valvu moja, ile taa ya kioo ndani yake, ina shoti, aniache niitoe kwanza. Hakutaka kusikia. Akasokota karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akaichomeka mahali pa fyuzi ili umeme upite.

"Kaka, utatuunguza!"

Akanipiga ngumi ya mdomo mbele ya watu. Nikachukua kiti, nikampiga nacho, nikampiga tena, mpaka damu ikamtoka sikioni. Nyuma yetu amplifaya ikawaka moto. Watu wakakimbilia mlangoni.

Hospitalini, mama akanishika shati.

"Nani amemfanyia mwenzio hivi?"

Nikamjibu ni walevi. Kaka hajazinduka.